Maziwa Yamekwenda

Saa tano na dakika ishirini asubuhi, simu ilitetemeka mfukoni mwangu nikiwa kazini. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Leicester, Uingereza, na asubuhi ile ya Januari nilikuwa namlisha bibi mmoja ambaye kwa siku mbili alikuwa hataki chakula. Meseji ilitoka kwa jirani yetu, mama wa Kiingereza aliyevuka miaka 80. Iliandikwa hivi: “Don't worry, love. Alarm's gone off, lights have gone off, and now your mum's gone off.”

Huu ni mwaka wangu wa 12 katika nchi hii, na bado niliisoma mara tatu nimesimama na kijiko mkononi. Kitenzi kimoja, “go off”, kimetumika mara tatu katika mstari mmoja, na kila mara kina kazi yake. King'ora kimelia. Taa zimezimika. Mama yako katoka, hajulikani alikokwenda.

Nilimwachia mwenzangu bakuli la uji, nikaenda kuomba ruhusa.

Kisa chenyewe kilianzia jikoni kwetu alfajiri ya siku hiyo. Mume wangu ni dereva wa basi, na akiwa na zamu ya asubuhi hutoka saa kumi na moja. Alifungua chupa ya maziwa ya lita mbili ajipikie chai, akanusa, akaifunga. Yameharibika. Kwa haraka aliyokuwa nayo aliirudisha kwenye friji, akamwandikia binti yetu kikaratasi na kukibandika mlangoni kwa sumaku: “Milk's gone off. Pick some up.” Binti yetu ana miaka 11, amezaliwa hapahapa, husoma Kiingereza upesi kuliko Kiswahili, na akirudi shule hupitia dukani. Lakini siku hiyo alichelewa kuamka, akatoka mbio bila kutia mguu jikoni. Aliyekisoma ni mama yangu.

Mama alikuja kututembelea mwishoni mwa Oktoba kutoka Tanga. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alifundisha hesabu miaka 34, na alifundisha kwa Kiswahili, maana tangu 1967 hiyo ndiyo lugha ya masomo katika shule zetu za msingi Tanzania. Kiingereza alikisoma usichanani na hakukitupa. Mpaka leo karatasi yenye maandishi haimpiti. Na neno “off” alilijua vizuri. Alilisoma kwenye redio ya marehemu baba, kwenye pasi, kwenye feni, kwenye jenereta la shule: ukibonyeza hapo, kitu kinazimika. “Go” ni nenda, hilo nani asiyelijua.

Basi alisimama mbele ya friji kama anavyosimama mbele ya hesabu. Maziwa yamekwenda, yamezimika. Alifungua mlango, akayakuta yametulia mahali pake. Akadhani labda mkwewe alikusudia friji ndiyo imezimika, kwa kuwa soketi za huku kila moja ina swichi yake. Akainama kutazama nyuma, swichi iko sawa. Sentensi ya pili ilimpa kazi zaidi. “Pick” ni kuokota, “up” ni juu. Okota kiasi, juu. Aliniambia baadaye kwamba alikagua sakafu yote, kisha akapanda kigoda akatazama na juu ya kabati, asije akaacha maziwa ya watu yamemwagika.

Hakuona kitu. Akaamua kupika chai.

Siku hiyo Mama alikuwa na mafua makali, pua zote mbili zimeziba. Angekuwa mzima, maziwa yale yasingelifikia jiko, kwani yeye huutambua mtindi ulioiva akiwa bado sebuleni. Na maziwa ya kwao yakikaa huganda yakawa mtindi mzuri, ila haya ya chupa yaliyokwisha kuchemshwa kiwandani yakilala sana huoza tu. Akayamimina kwenye sufuria kubwa aliyotuletea mwenyewe kutoka nyumbani, akawasha gesi, akatwanga tangawizi na iliki. Yalipopata moto yakaanza kuachana: mabonge meupe juu, maji ya kimanjano chini. Yamekatika.

Akajilaumu. Alidhani ni tangawizi, kwamba ameitia mbichi kabla ya wakati. Ni dhana ya mtu anayejua upishi, maana tangawizi mbichi hukata maziwa, ndiyo sababu wapika chai wa kwetu huitangulizia maji kwanza. Alipunguza moto maji yakauke, apate walau kitu cha kulia mkate, akapanda ghorofani kumpigia mdogo wake simu Tanga amuulize kama maziwa yaliyokatika yana dawa. Na Mama Mdogo akipata simu ya Ulaya haikati upesi. Aliuliza habari za baridi, akauliza kama ni kweli jua la huku linazama saa kumi jioni, akasimulia arusi ya mtaa wa pili. Sufuria ikabaki peke yake.

Juu ya ngazi kuna king'ora cha moshi. Sheria ya hapa Uingereza, tangu Oktoba 2015, inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke angalau kimoja katika kila ghorofa, na chetu kimeunganishwa na umeme wa nyumba huku ndani kikiwa na betri ya akiba. Kilipoanza kulia Mama aliiangusha simu kitandani, akashuka ngazi mbili mbili kwa miguu yake ya miaka 68, na la kwanza alilofanya ni kufunga gesi. Nalisema hili kwa sababu wako waliosikia kisa hiki wakamwona mzembe. Gesi aliifunga kabla ya kujua king'ora kiko wapi.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa. Jirani amekuja na aproni yake, kifaa cha kusikia sikioni, anapaza sauti: “Your alarm's gone off!”

Mama anasikia king'ora kinalia mpaka vioo vinatetemeka, na mtu amesimama mlangoni anamwambia kimezimika. Alimhurumia. Aliona wazi kwamba kilichozimika ni kile kifaa cha sikioni. Akamshika mkono taratibu, akamwonyesha juu. “No, madam. On. On.”

“Yes, love. It's gone off.”

“On, madam!”

Walirudiana hivyo mara tatu au nne, kila mmoja akiongeza sauti ili mwenzake asikie. Nikifikiria kisa hiki, hapo ndipo panaponigusa zaidi. Wazee wawili, mmoja wa Leicester na mmoja wa Tanga, wote wanasema kweli, na kila mmoja anamwonea mwenzake huruma.

Mama hakutaka kumbishia mgeni mlangoni. Alikumbuka kwamba chini ya ngazi kuna sanduku la umeme, akaenda, akaishusha meni swichi. Nyumba zetu hizi za matofali mekundu zimebanana ukuta kwa ukuta, na Januari hata saa nne asubuhi ukumbini ni kiza. Taa zote zikafa. Friji ikanyamaza. King'ora, kwa betri yake, kikaendelea.

“Oh dear,” akasema jirani, “now the lights have gone off.”

Sentensi hiyo Mama aliielewa yote, neno kwa neno, na hapo ndipo alipochanganyikiwa kweli. Taa zimezimika, wamesema “off”. King'ora kinapiga kelele, nacho wamesema “off”. Alisimama gizani, harufu ya maziwa yaliyoungua imejaa nyumba, anajaribu kuipata kanuni moja ya kuyafungua majibu mawili yanayopingana.

Jirani alifungua mlango wa nyuma na madirisha, akachukua taulo la vyombo akapepea chini ya king'ora mpaka kikanyamaza. Kisha akaenda kwake kumtengenezea Mama chai. Aliporudi na vikombe viwili, akakuta mlango umefungwa na hapana mtu. Ndipo akanitumia meseji.

Kutoka kazini hadi kwetu ni dakika 20 kwa basi, na dakika hizo 20 sitaki zinirudie. Nje kulikuwa na nyuzi 2. Simu ya Mama iliita, ikaita, haikupokelewa. Na kitenzi kile nacho kilinitesa, kwa kuwa kazini nakisikia kila zamu. Mzee akipitiwa na usingizi, wanasema “he's gone off”. Akianza kukataa chakula, wanasema “she's gone off her food”, na hilo huandikwa kwenye daftari la zamu kabla ya mengine, maana mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kwamba mwili una jambo. Bibi niliyekuwa namlisha asubuhi ile alikuwa ameandikwa hivyo. Jirani yetu aliposema Mama “has gone off” alimaanisha katoka tu. Mimi nilisikia yale mengine yote kwa pamoja.

Mitaa ya huku inafanana, milango inafanana, na Mama alikuwa hajawahi kutoka peke yake. Nilipita mitaa mitatu nikiuliza kama kuna aliyemwona mama mtu mzima aliyejifunga kanga juu ya koti. Mtaa wa nne unaangukia Barabara ya Belgrave, na hapo nikasikia sauti ya Mama kabla sijamwona. Anacheka.

Alikuwa ndani ya duka dogo la vyakula, amekalia kiti cha plastiki, kikombe mkononi, anazungumza Kiswahili na mwenye duka. Mzee huyo ni Mhindi aliyezaliwa Jinja. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka nchini, na mwezi uliofuata baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku. Walikuja kwa maelfu. Leo Belgrave ni barabara ya maduka ya sari, dhahabu na vitamutamu, na nyuma ya kaunta utawakuta wazee kutoka Uganda, Kenya na Tanzania ambao ukiwasalimia “habari gani” nyuso zao zinabadilika.

Mama alikwenda pale na chupa yenye maziwa yaliyobaki, iwe ushahidi. Aliiweka kaunta, akauliza kwa Kiingereza chake kama maziwa haya yamezimika. Mzee alimtazama, akaitazama kanga.

“Mama, wewe natoka wapi? Mombasa? Dar?”

“Tanga.”

Kiti kikatolewa. Mzee akafungua chupa, akanusa, akatikisa kichwa. “Hii maziwa imeharibika, mama. Hapa mzungu nasema imekwenda.”

“Imekwenda wapi?”

“Imekwenda tu. Imeacha kuwa maziwa.”

Mama anasema maelezo yale yalimtosha kuliko kamusi yoyote, na mimi niliyesoma Kiingereza cha jioni miaka miwili chuoni sijasikia mwalimu aliyelieleza vizuri zaidi. Aliponiona mlangoni alishtuka: “Mwanangu! Kazi umemwachia nani?” Nililia palepale, mbele ya magunia ya mchele. Mzee akakataa kupokea pesa ya maziwa mapya.

Nyumbani, kuinua meni swichi kulichukua nusu dakika. Sufuria ilichukua siku nne za kuloweka.

Usiku ule tulipomaliza kula, Mama alitoa kaunta buku lake na kalamu nyekundu. Akaandika juu ya ukurasa “GO OFF”, akapiga mstari, akatuambia tuseme. Binti yetu alianza na fataki. Mama alikuwa amezisikia wiki ya kwanza alipofika, tarehe 5 Novemba, usiku ambao Waingereza hukumbuka njama ya 1605 ya kulipua Bunge lao. Guy Fawkes alikamatwa analinda mapipa 36 ya baruti, na baruti ile, akasema mjukuu, “never went off”, haikulipuka. Mume wangu akaleta ya kwenye basi: abiria akimwaga hasira bila breki, vijana husema kwamba naye “went off”. Nikaongeza yangu ya usingizi na ya chakula. Jirani, ambaye tulimwita aje kula nasi, aliombwa aongeze sukari kwenye chai akasema “I've gone off sugar”. Mama akaanza kumtafutia bakuli la sukari lilikokwenda, kabla mjukuu hajamwambia kwamba bibi wa watu ameacha tu kuipenda. Na karamu ikimalizika salama, nayo husemwa “went off well”.

Mwalimu wangu wa chuoni alitueleza kwamba vitenzi vya namna hii, vinavyotembea na kijineno mkiani, vilipata jina lao la kisarufi kitabuni mwaka 1925, katika kitabu cha Logan Pearsall Smith, ambaye alilipokea jina hilo kwa Henry Bradley, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Lakini ugumu wake ulikuwa umeonekana zamani. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya 1755, alikiri kwamba hapa ndipo wageni wanapopata taabu kubwa kabisa. Mwalimu alisema pia kwamba “off” na “of” zamani zilikuwa neno moja, lenye maana ya kuachana na kitu, kuondoka hapo kilipo. Nilipomsomea Mama hayo alinyamaza kitambo, kisha akaweka kalamu chini.

“Kumbe ni kutoka,” akasema.

Akamgeukia mjukuu. “Jua likitoka, unaliona au hulioni?”

“Naliona.”

“Na doa likitoka kwenye nguo?”

Mtoto akafikiri. “Silioni tena.”

“Picha ikitoka?”

“Naiona.”

“Rangi ya kanga ikitoka?”

“Inaisha. Bibi, sasa mtu atajuaje?”

“Anaangalia kilichotoka.”

Nimezungumza Kiswahili maisha yangu yote, na sikuwahi kuona kwamba toka yetu nayo inaleta na inaondoa. Mama alilieleza tena, safari hii kwa mchoro kwenye kaunta buku. King'ora kazi yake ni kukaa kimya, kwa hiyo kikiondoka kwenye kukaa kwake kinalia. Taa imekaa inawaka, ikiondoka pale inazimika. Baruti imelala, ikiondoka inalipuka. Maziwa yamekaa ni maziwa, yakiondoka yameharibika. Kisha akarudi kwenye lugha yake: umeme unakatika, simu inakatika, mvua inakatika, tui la nazi likipikwa bila kukorogwa linakatika. “Mzungu akija Tanga,” akasema, “akaambiwa tui limekatika, si atatafuta kisu?” Jirani alipotafsiriwa hayo alicheka mpaka akavua miwani, akaomba neno hilo aandikiwe kwenye karatasi aende nalo.

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nakitazama kile kikaratasi, bado kipo mlangoni mwa friji. Maneno sita ya mkono wa mume wangu. Tulikuwa na mzee ndani ya nyumba, mwalimu, anayesoma kila kilichoandikwa, naye kwa miezi miwili na zaidi alikuwa anaishi katika nyumba ambayo kuta zake zinazungumza lugha nyingine: kalenda, ratiba ya zamu, namba za dharura, maelezo ya jiko. Tulimpa chumba chenye joto na soksi za sufu, tukamsahaulia maandishi. Mume wangu alilitambua kabla sijalisema, alikichomoa kikaratasi, akamwambia Mama, “Nisamehe, mama.” Mama akamjibu kwamba yeye ndiye aliyeunguza sufuria.

Kuanzia usiku ule tuliandika upya. Mume wangu alibandika karatasi kando ya sanduku la umeme: hii ya jikoni, hii ya taa za juu, hii usiiguse. Nilimwonyesha Mama kitufe cha kujaribia king'ora, akakibonyeza mwenyewe mara mbili, na akaandika kwa herufi kubwa chini yake: KIKILIA, FUNGA GESI, TOKA NJE, PIGA 999. Binti yetu akapewa friji. Ujumbe wake wa kwanza ulisema, “Maziwa imekatika, Bibi, nitanunua nyingine.” Jioni aliukuta umesahihishwa kwa kalamu nyekundu, yamekatika, mengine, na chini umepewa alama 7 kwa 10. Mwezi Machi Mama aliporudi Tanga alikuwa ameshampa 10.

Ndugu msomaji, kama una mzazi anayekuja kukaa nawe ugenini, kabla hajafika pita nyumbani kwako na kalamu. Anza na jiko, kisha sanduku la umeme, kisha king'ora. Mwandikie kwa lugha anayoisoma.